Mipira Sita Olmotonyi

Gofu nilianzia Olmotonyi, tulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo ya misitu. Nilikuwa na fimbo moja tu, namba 7, niliyouziwa mjini Arusha na kijana anayebeba mifuko ya wachezaji, pamoja na mipira sita. Jioni tukishamaliza kupima miti, wenzangu wanateremka Ngaramtoni kula chipsi, mimi nabaki kwenye nyasi kando ya misindano. Washkaji wakaniita Bosi. Hawakujua Bosi mwenyewe anahesabu mipira yake kama mtu anayehesabu bumu la mwisho wa muhula.

Aisee, gofu inaumiza kichwa. Mpira wenyewe haufiki hata gramu 46, umelala chini umetulia, hakuna beki wala kipa, halafu unaukosa! Ukiupata, unakata kona kulia kama bodaboda aliyeona trafiki. Siku moja unapiga mmoja safi, unapaa, na kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo unaenda mbali kuliko ungeenda Tanga. Kesho yake unafanya vilevile, unachimba nyasi.

Wiki ya pili nikachukua daftari la vipimo nikaandika muda wangu. Katika saa moja, kupiga kulichukua kama dakika kumi. Zilizobaki zote nimeinama vichakani natafuta mpira. Hapo nikaacha kujiambia kwamba sina kipaji. Nani anajifunza kitu kwa mapigo kumi na mawili kwa jioni?

Arusha hiyohiyo imetoa Madina Iddi na Neema Olomi, wakachezea timu ya taifa. Na wachezaji wengi wazuri wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko ya watu. Tunapenda kusifu vipaji vyao. Mimi nasifu kwanza saa walizokaa uwanjani.

Sasa ombi langu kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Sitaki kiwanja cha mashimo 18, wala basi la kutupeleka Kiligolf kule Usa River. Naomba wavu. Wavu wa kuvulia uliochakaa, nguzo mbili za mkaratusi (sisi watu wa misitu tutazipata kihalali) na kipande cha zulia kuukuu. Mpira ukigonga wavu unaanguka palepale, unapiga tena. Wavu hautakuonyesha mpira ungepinda wapi, hilo nalijua, lakini kwa saa moja utapiga mara mia. Na usiniambie fedha zimeishia kwenye jezi za mpira wa miguu, maana kila mwaka zinaishia hapohapo.

Mpira wangu wa sita ulipotea siku moja kabla ya kurudi Morogoro. Kama kuna wa mwaka wa pili anakwenda Olmotonyi, aangalie kwenye mtaro ulio ukingoni mwa misindano. Una alama ya wino mwekundu.