Mchezaji ni Mfanyakazi, Wacheni Hii Story ya Familia

Hebu tuambiane ukweli. Kila mchezaji akiulizia mshahara, lazima kiongozi fulani wa klabu aseme "sisi ni familia, tutayamaliza nyumbani." Familia gani inakusajili Julai halafu Desemba inakuacha?

Mimi mtu wa Mbaraki, niongee ya hapa. Uwanja wa Bandari FC uko jirani na gati. Timu ni ya KPA, gati pia ni la KPA. Mfanyakazi wa bandarini ana Dock Workers Union, inakaa mezani na mwajiri, makubaliano yanatiwa sahihi. Winga wa timu ana nini? Ana kepteni wa kumtuma kwa meneja. Sisemi Bandari hawalipi, msiniwekee maneno mdomoni. Nasema malipo yasitegemee roho nzuri ya bosi. KEFWA ipo, inatetea wachezaji, lakini kupigania kesi ya mtu mmoja mmoja si sawa na kukaa na klabu kabla ya msimu mkaandikiana posho, matibabu na likizo.

Na Mombasa tusijifanye wageni wa haya mambo. Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 waligoma mji ukasimama, mikutano wakifanyia Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini.

Klabu zinazodhani familia ni bei rahisi ziulize AFC Leopards. SportPesa walijitoa 2019, mishahara ikakwama, na Desemba hiyo kocha wao Casa Mbungo kutoka Rwanda akaondoka. Alienda FIFA, na klabu ikafungiwa kusajili.

Kanuni ya FIFA ni nyepesi: usipolipwa miezi miwili unaandika notisi, unawapa siku 15, wakinyamaza unavunja kandarasi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inasema kandarasi ya miezi mitatu kwenda juu iwe ya maandishi, na usifutwe kwa kiwango duni bila kusikizwa. Chuo niliacha, lakini hiyo nimeisoma kwa simu, bure. Viongozi wenye digrii wanangoja nini?

Na nyinyi mashabiki mnaomwita mchezaji msaliti akigomea mazoezi, wewe kazini kwako ungevumilia miezi mingapi?

Kwa hivyo msimu ujao, kabla hamjatuposti jezi mpya, jibuni hili moja: kijana akivunjika goti Machi na kandarasi yake inaisha Juni, bili ya hospitali ya Julai ni ya nani?