Siri ya Mgonjwa na Kauli ya Kutendwa

Katika chumba cha mapokezi cha kituo kimoja cha afya nchini Uganda tulikuta tangazo limebandikwa juu ya kompyuta: "Taarifa zako zinalindwa." Sisi tunaofundisha sarufi hatukosi kuuliza: zinalindwa na nani? Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumficha mtenda, na hapo ndipo shaka ya wagonjwa inapozaliwa.

Zamani mgonjwa alilibeba daftari lake la matibabu na kurudi nalo nyumbani. Leo faili lake la kielektroniki laweza kufunguliwa na karani, mhasibu, hata fundi wa mitambo aliye mbali, naye asijue. Mwenye virusi vya Ukimwi akimwona jirani yake amekaa mbele ya kompyuta hiyo, huenda akatoa jina lisilo lake, au asirudi tena kuchukua dawa.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imezihesabu habari za afya kuwa data maalumu, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini siri ikivuja, sheria humtaka mtunza kumbukumbu aiarifu mamlaka, kisha mamlaka ndiyo huamua kama mgonjwa naye aambiwe. Hapo hatukubaliani nayo kabisa. Mwenye mwili ndiye wa kuarifiwa kwanza, tena aoneshwe majina ya wote waliolifungua faili lake.

Lau mwandishi wa tangazo lile angalitumia kauli ya kutenda, akataja cheo cha mlinzi na mahali pa kupeleka malalamiko, tungalimwamini. Siku ile tulimtajia karani majina yetu kwa sauti ya chini.