Dawa ya Mtoto Ipimwe kwa Watoto

Mtoto ana homa kali, viganja baridi, moyo unakwenda mbio. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilishauri amiminiwe maji ya dripu haraka. Nani angeshuku maji?

Hospitali ya Mbale, Uganda, ilishiriki kulipima jambo hilo kati ya 2009 na 2011, pamoja na Soroti, Lacor, Mulago, Kilifi ya Kenya na Muheza ya Tanzania. Katika utafiti huo, uliojulikana kama FEAST, waliingia watoto 3,141. Kati ya waliomiminiwa maji haraka, takriban 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48; kwa wasiomiminiwa walikuwa 7.3. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na kulegea kwa moyo na mzunguko wa damu. (Mtoto anayekaukiwa maji kwa kuhara hakuhusika, huyo bado anahitaji maji.)

Wazazi wengi husikia neno utafiti wakaogopa, na hofu yao ina haki ya kujibiwa kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kuombwa saini. Lakini tiba isiyopimwa nayo ni jaribio, ila hakuna anayeandika matokeo.

Mfano mwingine: kaskazini mwa Uganda, Gulu, watafiti waliwapima moyo kwa ultrasaundi watoto zaidi ya laki moja. Kipimo hicho hakina sindano wala mionzi: jeli kidogo kifuani, vali zinaonekana zikifunguka na kujifunga. Watoto 818 waliokutwa na dalili za awali za ugonjwa wa moyo wa rumatiki waligawanywa: nusu walidungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, wengine hawakudungwa. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na 8.2 ya wasiodungwa. Madhara makubwa yaliwapata wawili tu wa kundi la sindano. Dawa hiyo nyeupe, nzito, inauma kweli, lakini sasa muuguzi ana jibu la kumpa mama.

Jibu hilo halijamfaa mtoto wa Busoga au wa milima ya Elgon ikiwa kipimo chenyewe lazima akifuate Mulago. Wizara ya Afya iweke Jinja na Mbale mashine, wapimaji waliofunzwa na penisilini isiyokatika, na kila sindano iandikwe pamoja na madhara yake.