Maiti Naye ni Mtu

Wako watu wasemao: "Maiti haulizwi sanda." Kwa hiyo, wadai, daktari akimpasua maiti na mchoraji akamchora ili wanafunzi wajifunze, hakuna aliyedhulumiwa. Sisi twajibu: mithali ni ya kweli, lakini imetumiwa vibaya. Maiti haulizwi sanda kwa sababu sanda ni haki yake. Kuuchukua mwili wake si haki ya mtu yeyote.

Mtu asidhani kwamba twapinga elimu. Daktari asiyejua njia za mishipa na mahali pa figo atakata pasipopaswa. Mama wa Kindu apasuliwaye ili mtoto atoke salama huokolewa na mkono uliofundishwa kwa picha hizo. Swali letu ni moja tu: aliyechorwa alikuwa nani, na nani alimwomba ruhusa?

Tazameni historia. Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels mwaka 1514, alitoa mwaka 1543 kitabu kikubwa cha picha za mwili, nacho kikasahihisha makosa mengi ya kale. Lakini alipokuwa kijana huko Louvain aliiba mifupa ya mtu aliyenyongwa, akaiingiza mjini kwa siri. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Ulaya kwa miaka mingi: tajiri huzikwa, mfungwa na maskini hupasuliwa.

Desturi hiyo ilizaa uovu mkubwa mjini Vienna. Profesa Eduard Pernkopf alianza kutoa kitabu chake mwaka 1937. Picha zake ni nzuri ajabu, na wapasuaji wengi wamezitegemea. Lakini Pernkopf alikuwa Mnazi, na baadhi ya wachoraji wake walitia alama za Wanazi kando ya majina yao. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Vienna kilitangaza kwamba, wakati wa utawala huo, idara yake ya kupasulia maiti ilipokea miili ya watu wasiopungua 1,377 waliouawa kwa hukumu. Je, utawala ule uliwaua watu gani? Mwaka 1943, mjini humo humo, ulimkata kichwa Sista Maria Restituta, mwuguzi, aliyekataa kuondoa misalaba aliyoitundika hospitalini, tena alikuwa ameandikisha shairi la kuwapinga watawala. Mwaka 1998 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Msiseme: hayo ni ya Wazungu wao kwa wao. Mwezi wa Desemba 1884, watu wa Luteni Storms, Mbelgiji aliyekaa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, walimwua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na mwaka 1886 Daktari Houzé akalipima na kuandika habari zake, kana kwamba tabia ya mtu yasomwa katika mfupa. Mwaka 2018 mwandishi wa gazeti wa huko alionyesha kwamba fuvu lilikuwa bado Brussels, katika hifadhi ya makumbusho. Miaka zaidi ya 130 bila kaburi! Hiyo ni elimu, au ni nyara za vita?

Basi tufanyeje? Wengine wasema vitabu vile vichomwe moto. Hatukubali, maana moto haumrudishii mtu jina lake. Mwaka 2017 rabi Joseph Polak, aliyeokoka kambi za Wanazi akiwa mtoto, alijibu kwamba picha za Pernkopf zaweza kutumiwa kuokoa maisha, mradi watu waambiwe wazi zilikotoka. Jibu hilo ni la haki. Naye Papa Pius XII, mwaka 1956, alikwisha kuonya kwamba si haki miili ya maskini wafao hospitalini ipelekwe kupasuliwa, na ya matajiri iachwe.

Kwa hiyo twawaambia wanaofundisha uganga na uuguzi katika Maniema: mkifungua kitabu cha picha za mwili, wafundisheni vijana na habari za waliochorwa. Mgonjwa aombwe ruhusa akiwa hai. Akifa hajasema, waombwe ndugu zake. Asipigwe picha ya simu kitandani ili ipelekwe huku na huku. Na masomo yakiisha, mwili uzikwe kwa heshima, kwa jina lake.

Kuwazika wafu ni tendo la huruma. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwakumbuke na hao ambao miili yao imewafundisha madaktari, wala hawakuulizwa.