Neno "Chaji" na Mizigo Yake

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi katika kituo kimoja cha polisi hapa Kampala, nikimngojea ofisa ambaye tulikuwa na kazi ya pamoja. Akaletwa mzee mmoja, mwenye kanzu safi, aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa kiwanja. Konstebo aliyekuwa kaunta, kijana mwenye adabu, akamwambia: "Mzee, sasa tunakuchaji." Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa noti zake zilizokunjwa, akauliza kwa upole: "Shilingi ngapi, mwanangu?"

Watu waliokuwapo walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Lakini kicheko changu kilikatika nilipoona kuwa konstebo amenyamaza kitambo, akizitazama noti zile. Kisha akamwambia mzee azirudishe mfukoni, akamweleza kwamba ameshtakiwa kwa kosa fulani. Alitenda vyema. Hata hivyo nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo: je, mzee yule angalikutana na konstebo mwenye njaa zaidi na uaminifu mdogo zaidi? Fedha ingalipita kutoka mkono huu hadi mkono ule, na kila mmoja angalisema kuwa neno lenyewe ndilo lililoiita.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Wengi wetu tunaisoma amri hiyo kana kwamba inahusu tu kutafuta mkalimani. Kwa maoni yangu inadai zaidi ya hapo. Mzee yule alisemeshwa Kiswahili, na Kiswahili alikijua. Asichokijua ni ile maana moja, miongoni mwa maana nyingi za neno moja la Kiingereza, ambayo konstebo alikuwa nayo kichwani.

Neno hili "charge" halikuzaliwa Uingereza. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako asili yake ni gari la kukokotwa. Maana yake ya kwanza ilikuwa kupakia mzigo. Ukilijua hilo, ukoo wote unaonekana. Bunduki ya kale ilipakiwa baruti, na hata leo mhandisi wa jeshi huita vivyo hivyo kile kifurushi cha baruti anachokitega chini ya daraja. Betri hupakiwa umeme. Mnunuzi hupakiwa bei. Mtu hupakiwa madaraka, ndipo tukapata "inchaji" wa zahanati na wa bohari. Mshtakiwa naye hupakiwa shtaka begani. Na askari anapomrukia adui kwa singe, huo nao ni "charge", ingawa hapo mzigo ni yeye mwenyewe na kasi yake.

Mjini kwetu maana hizo zote huishi pamoja mchana kutwa. Askari ampelekea kijana wa kibandani simu yake aichaji, aulizwa anachajiwa kiasi gani, apanda bodaboda na kulalamika kuwa amechajiwa kupita kiasi, kisha achelewa kambini, akachajiwa na mkubwa wake. Hata herufi mbili, O.C., zina mchezo wake: kwa polisi ni ofisa mwenye dhamana ya kituo, na kwetu jeshini ni ofisa anayeongoza kombania. Nimewahi kuona barua ya O.C. ikizunguka siku mbili kwa sababu hiyo.

Kwenye kibanda cha simu kosa halina hasara. Vitani ni jambo jingine. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa habari za Balaclava, na ningependa kila koplo azijue. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Kiingereza, alikuwa juu ya kilima. Kutoka huko aliwaona Warusi wakijiandaa kuiondoa mizinga waliyoiteka katika ngome ndogo zilizokuwa zikilindwa na Waturuki. Akatuma amri ya maandishi kwamba wapandafarasi wasonge mbele upesi, wamzuie adui asiichukue mizinga. Lord Lucan, aliyeipokea, alikuwa chini bondeni. Kutoka pale alipo hakuweza kuiona mizinga ile hata kidogo. Mizinga aliyoweza kuiona ni ile ya Warusi wenyewe, iliyopangwa mwisho wa bonde. Alipomwuliza mjumbe, Kapteni Nolan, ni mizinga ipi, huyo alirusha mkono wake kuelekea bondeni kwa hasira. Wapandafarasi wapatao 670 wakaingia katika bonde lile, moto ukiwatoka mbele na ubavuni pande zote mbili. Wapatao 110 waliuawa. Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, kwa hiyo hakubaki wa kumwuliza alikusudia nini.

Mshairi Tennyson aliwatungia wapandafarasi hao utenzi mwaka huo huo, na dunia ikayaita mashambulizi yale kwa neno letu hili hili, "charge". Cha ajabu ni kwamba katika karatasi ya amri neno hilo halikuwamo. Lililowaua ni neno "mizinga", neno jepesi ambalo kila mmoja alidhani analifahamu.

Majeshi yalijifunza, ingawa polepole. Mtumiaji wa redio ya jeshi akitaka arudiliwe maneno husema "sema tena". Hasemi "rudia" kwa Kiingereza, kwani kwa watu wa mizinga neno hilo ni amri ya kupiga tena shabaha ile ile kwa makombora yale yale. Hapo wakubwa walikaa chini wakalipa neno moja kazi moja, na neno lisilo na kazi wakalifukuza hewani. Sioni kwa nini kaunta ya polisi isistahili uangalifu kama huo.

Jambo hili linatuhusu zaidi tangu Novemba 2021, majeshi yetu yalipoanza kazi pamoja na ya Kongo katika Operesheni Shujaa. Mwenzetu aliyefunzwa kwa Kifaransa akitamka "chargeur" huenda anataka magazini ya bunduki, nawe ukampa waya wa simu, maana neno ni hilo hilo kwa vyote viwili. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na ndugu wale. Tukikijaza maneno ya Kiingereza kwa upande huu, nao wakikijaza ya Kifaransa kwa upande wao, tutabaki na viambishi tu vya kushirikiana.

Najua atakayenijibu kuwa Kiswahili nacho kina wenye maana nyingi. Ni kweli. Twapiga risasi, twapiga saluti, twapiga kambi, twapiga kura, na mgeni akishangaa tusimlaumu. Lakini "piga" haiendi peke yake. Neno linalofuata huiongoza. "Tunakuchaji" husimama peke yake mbele ya mzee mwenye noti mkononi.

Sipendekezi tuivunje lugha ya mtaani. Simu na ichajiwe. Lakini kazini, na hasa mbele ya raia, tuseme "unashtakiwa", na kosa litajwe papo hapo. Malipo tuyaite malipo. Msimamizi tumwite msimamizi. Shambulio tuliite shambulio. Pana neno moja tu la kwetu linalonitia wasiwasi, nalo ni "dhamana", kwa sababu ni madaraka, tena ni rehani, tena ni ile ya kumtoa mtu kituoni. Mzee yule alipoambiwa kuwa anaweza kwenda nyumbani kwa dhamana, mkono wake ulirudi mfukoni, na swali likawa lile lile la shilingi ngapi. Konstebo akamwonyesha tangazo ukutani, lililosema kwamba dhamana ya polisi ni bure. Lilikuwa la Kiingereza, na neno la mwisho katika tangazo lile lilikuwa "charge". Konstebo alilisoma kwa sauti, akalitafsiri, kisha akaniomba kalamu nene. Chini yake akaandika kwa Kiswahili na kwa Luganda kwamba hapana fedha inayotolewa.