Acheni Kumpaka Mbwa Oili Chafu

Mara ya kwanza nilipoisikia tiba hii nilikuwa gereji, nasubiri gari limwagwe oili. Fundi alipokuwa akikinga ile nyeusi kwenye dumu, mzee mmoja akasogea na chupa tupu ya maji, akaomba ajaziwe. "Nina jibwa nyumbani, limeota upele mgongo mzima," akasema. Hakuna aliyeshangaa. Fundi alimjazia bure, tena na maelekezo juu: ampake mwili wote, amfunge juani, arudie mara tatu. Mimi nami nilikuwa na German Shepherd aliyejikuna usiku kucha hadi mnyororo ukawa unatunyima usingizi. Nikaondoka pale na chupa yangu.

Nakiri mapema ili msomaji asidhani namsema mtu wa mbali. Imani ninayoipinga nimeibeba mwenyewe, tena miaka: kwamba mbwa anayejikuna ni mchafu, kwamba upele wote ni mmoja, na kwamba dawa yake ni kitu kikali kinachopakwa mara moja yakaisha. Wanaoiamini si wajinga. Wengi wamesoma, wana nyumba zenye mageti ya chuma, na mbwa wao wamenunuliwa kwa fedha ambayo mwingine angenunulia ng'ombe.

Mbwa wangu, Sizari, alitapika siku mbili na ngozi ya kwapani ikababuka. Haikuwa ajabu. Oili iliyokwisha kutumika ina chembe za metali zilizosagika ndani ya injini pamoja na masalia ya mafuta yaliyoungua. Ngozi iliyochubuka huifyonza, na kwa kuwa mbwa hujilamba, ulichompaka asubuhi kufika jioni kimo tumboni. Upele wenyewe ulipumzika wiki tatu, kisha ukarudi.

Zile wiki tatu ndizo zinazotuponza. Kila mtaa una shahidi wa kuapa kwamba mbwa wake alipona kwa oili, na pengine hasemi uongo. Upo upele unaoletwa na utitiri, vijidudu vinavyochimba ngozi, na vikifunikwa na mafuta mazito huenda baadhi vikafa. Lakini mbwa wengi wakubwa wanaojikuna mijini kwetu wana mzio, au aleji kama tulivyozoea kuiita, na mzio una tabia ya kupanda na kushuka. Mtu hukimbilia dawa siku hali ilipofika juu kabisa, na ikishafika huko aghalabu hushuka yenyewe. Siku hiyo ungempaka uji, ungeusifu uji.

Mzio ni kinga ya mwili kupigana na kisicho adui: vumbi la ndani, chavua ya nyasi, ukungu, mate ya kiroboto, hata nyama ya kuku. Kwa binadamu vitu hivi mara nyingi huleta chafya na mafua. Kwa mbwa huishia zaidi kwenye ngozi. Mzio wa kurithi kwa kawaida huanza kujitokeza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 3, na German Shepherd, Labrador na Golden Retriever wamo katika koo zinazosumbuliwa sana. Uchafu hauhusiki. Mbwa wa namna hii unaweza kumwogesha kila siku na bado akajikuna, tena zaidi, kwa sababu sabuni ya kufulia tunayomwogeshea huiondolea ngozi mafuta yake na kuiacha wazi kwa bakteria na fangasi.

Ukitaka kujua kinachomsumbua, angalia anapojikunia. Akitafuna nyayo, akikuna kwapa na tumbo, masikio yakinuka kila baada ya muda mfupi, fikiria mzio wa hewani au wa chakula. Akijing'ata kiunoni na kwenye shina la mkia hadi manyoya yanyonyoke, mtuhumiwa wa kwanza ni kiroboto. Kingo za masikio zikiota magamba, na wewe mwenyewe ukaanza kujikuna mikononi, huo yawezekana ni utitiri uliohamia kwako. Na kile kiwiko kigumu, kisicho na manyoya wala mwasho, ambacho watu hukipaka kila aina ya dawa? Mara nyingi ni sugu tu. Jibwa la kilo 45 likilala kwenye saruji miaka miwili litaota sugu, kama mchukuzi anavyoota begani. Mpeni godoro kuukuu.

Ukitaja viroboto, mwenye mbwa hukasirika kana kwamba umemtukana mama yake. "Wangu haonekani na kiroboto hata mmoja!" Sawa. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia. Kuumwa mara chache kunatosha kumwashia wiki nzima. Na wale wanaoonekana mwilini hukadiriwa kuwa asilimia 5 tu ya jeshi lote. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa walio kwenye nyufa za banda, chini ya kitanda cha mlinzi, kwenye mchanga wa kivulini. Jike moja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Umemtakasa mbwa Jumamosi, ukamrudisha banda lilelile, na Jumatano unasema dawa ni feki.

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Mbwa kapewa vyote viwili, na hapo ndipo msiba wake ulipo. Akikuna anachubua, akichubua bakteria wanaingia, wakiingia anawashwa zaidi. Tunachokiona na kukiita upele mara nyingi ni matokeo ya kucha zake mwenyewe, huku chanzo kikiwa kingine kabisa.

Wenye uwezo zaidi ya oili wana imani yao ya pili: sindano. Kuna mtu hupita na mkoba, hachukui hata dakika tano, anachoma, na kesho yake mbwa halii tena. Mara nyingi iliyomo ni steroidi. Ni dawa halali na ina mahali pake, lakini ikirudiwa kila mwezi mbwa hunywa maji bila kutosheka, hukojoa ovyo, hunenepa tumbo, na maambukizi humwandama. Kama upele wake ni ule wa utitiri wa demodeksi, ambao hustawi kinga inapodhoofika, sindano hiyo inawanenepesha wadudu. Wengine huchomwa ivamektini ya ng'ombe kwa kukisia kipimo, na baadhi ya mbwa wa koo za uchungaji, wakiwemo baadhi ya German Shepherd, wana hitilafu ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi ubongoni. Amitrazi, ile ya kuogeshea mifugo, hutumika kwa mbwa pia, ila ikizidi kipimo mbwa hulegea, moyo hupunguza mwendo na mwili hupoa. Dozi ya mbwa hupimwa kwa uzito wake. Nimeona kidonge cha viroboto cha mbwa wa kilo 20 akipewa Boerboel wa kilo 60, kisha kidonge kikalaumiwa.

Yote haya ningeyasamehe kama yangeishia kwenye ngozi. Hayaishii huko. Sizari alipofika mwaka wa nne, jicho la kushoto liliota utando wa waridi uliochanganyika na hudhurungi, ukianzia upande wa nje na kutambaa kuelekea mboni. Jirani akasema mtoto wa jicho. Mwingine akasema vumbi la barabarani. Mlinzi wetu, kwa uaminifu kabisa, akawa anamsafisha tongotongo kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Uchafu tena!

Mtoto wa jicho hukaa ndani, kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Utando ule ulikuwa juu, kwenye konea, kile kioo cha mbele. Madaktari huuita panasi. Ni kinga ya mwili kwa mara nyingine, safari hii ikilishambulia jicho lenyewe, na German Shepherd ndiye anayeongoza kwa kuupata. Mwanga mkali wa jua huuchochea, na hatari huongezeka kadiri mbwa anavyoishi mwinukoni. Huko Colorado, jimbo la milimani nchini Marekani, jambo hili limejulikana siku nyingi. Sasa fikiria sisi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800, na zote ziko jirani na ikweta. Mbwa ambaye asili yake ni Ujerumani tunamfunga uani mchana kutwa uso ukielekea jua, kisha tunashangaa.

Wala si kila jicho linalotoka machozi lina panasi. Rottweiler, Great Dane na mbwa wengine wazito wa jamii ya mastifu huweza kuzaliwa na ukope unaojipinda kwa ndani, manyoya yakasugua jicho kila linapofumba. Wenyeji wa Kongwa, mkoani Dodoma, ambako trakoma ilitesa vizazi, hawahitaji kuelezwa maana ya kope kukwaruza jicho. Ukope wa namna hiyo hurekebishwa kwa upasuaji. Jicho jekundu lenye ukungu kwa mbwa aliyedhoofu na kupauka fizi laweza kuwa dalili ya erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia, na hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki 4.

Na tafadhali, yaacheni matone ya binadamu yaliyobaki kabatini. Mengi yana deksamethasoni. Matone hayo hayo yanayoweza kuituliza panasi, yakitiwa kwenye konea yenye kidonda, huweza kuliyeyusha jicho likatoboka. Kidonda chenyewe mara nyingi hakionekani kwa macho matupu. Daktari hutia tone la rangi ya fluoresini, kikang'aa kijani. Ni kazi ya dakika chache, na imeokoa macho mengi kuliko chumvi yote ya jikoni.

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza: mbwa koko haumwi. Anaumwa, ila akizidiwa hufia mtaroni na hakuna anayemhesabu. La pili: daktari ni ghali. Hili nalipokea kwa heshima, maana maisha ni magumu. Ila nilipojumlisha sindano, dawa za ng'ombe, sabuni za kila aina na matone niliyomtia Sizari kwa kubahatisha, nilikuwa nimemlipa daktari mara tatu bila kumwona. La tatu halisemwi kwa sauti: nyumba nyingi, hasa za mwambao, mwenye nyumba hamgusi mbwa kwa sababu za dini, na hilo haliombewi radhi. Basi mpeni mlinzi simu apige picha ya ngozi na macho kila mwisho wa mwezi. Yeye ndiye anayemjua mbwa wenu.

Daktari niliyempelekea Sizari mwishowe alikuwa kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Hakuanza na dawa. Aliuliza anakula nini, analala wapi, alianza lini. Akakwaruza ngozi kwa kisu butu, akatazama kwenye hadubini, akapata fangasi tele na hakupata utitiri. Tuliua viroboto mwilini na bandani kwa pamoja, tukamwogesha kwa shampuu yenye kloreksidini inayoachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa, kisha likaja lililotushinda mara mbili: wiki 8 za nyama ya mbuzi na viazi tu. Mara ya kwanza tuliharibu wenyewe kwa mifupa ya kuku ya Pasaka. Mara ya pili mlinzi alimhurumia, akamgawia dagaa. Ya tatu tukafika, na tukajua kwamba chakula hakina kosa.

Wakati namlipa nikamuuliza ni lini atapona. "Hatapona, mzee. Tutamtunza," akanijibu.

Sizari sasa ana miaka 9. Anatiwa matone asubuhi na jioni, anashinda kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi, na masika yakianza hurudi kutafuna nyayo zake. Jicho la kushoto lina kovu. La kulia linaona vizuri.