Mchango wa Goti Unaishia Kitandani

Wasee wa Meru na Embu, zile grupu za mchango za WhatsApp tunazijua. Unaongezwa bila kuulizwa: kijana wa boda amegongwa, goti limeharibika, pesa za upasuaji zinatakikana. Tunachanga, na kwa hilo tuko sawa kabisa. Shida yangu ni moja. Akitoka tu kwa upasuaji, admin anaandika "asanteni, Mungu awabariki" na grupu inafungwa.

Goti lina ligamenti kubwa nne: mbili zinapishana katikati, na moja kila upande. Ukirushwa na pikipiki zinaweza kukatika mbili, tatu, hata zote. Eksrei ya kawaida inaonyesha mifupa, si ligamenti, ndiyo mtu anaambiwa hakuna kilichovunjika halafu anaenda kukandwa nyumbani. (Goti likichomoka, mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma yake unaweza kuumia pia. Mguu ukiwa baridi ama umekufa ganzi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Ukikosa damu kwa saa chache unaweza kukatwa.)

Mara nyingi daktari anatoa kano sehemu nyingine ya mwili, anatoboa mfupa na kuipitisha humo. Hiyo kano inachukua miezi kushika. Zlatan aliumia ligamenti za goti Aprili 2017 akiwa Manchester United, akarudi uwanjani Novemba, na watu wakasema amerudi haraka. Lakini huyo alikuwa na wataalamu wa kumfanyisha mazoezi. Mtu wa boda wa Nkubu ama Runyenjes ana nini? Ana nauli ya kwenda fiziotherapi mjini na kurudi, wiki baada ya wiki, na hana kazi. Binamu yangu alienda mara nne, pesa zikaisha. Upasuaji ulikuwa poa, lakini sai goti limekakamaa na kupanda pikipiki ni shida.

Na msiniambie "si kuna SHA". SHA hailipi nauli, wala haimlipii kodi ya nyumba akiwa kwa magongo.

Kwa hivyo mkifungua grupu, tengeni kwanza nauli ya miezi sita, halafu mhesabu mengine. Kama huna mia mbili na una pikipiki, mpeleke Jumanne. Mimi grupu yoyote ikitaka kufungwa siku ya tatu, nitauliza hapo hapo mbele ya wote: fiziotherapi analipa nani?